Mkongwe Arudishwe Nyumbani? Griffey, Ichiro na Hatari ya Mkataba wa Pili

Kila msimu wa besiboli ya Marekani unapokwisha, mashabiki hurudia ubishi uleule, majina tu ndiyo hubadilika. Kuna mchezaji wa eneo la nje mwenye miaka 37, au 39, au 41. Aliwahi kuwa nyota. Mkataba wake umekwisha, hana klabu, na timu iliyomlea ina nafasi moja wazi kikosini. Asajiliwe au aachwe? Wanaomtaka wanasema ng'ombe hazeeki maini. Wasiomtaka wanasema klabu si nyumba ya kutunzia wastaafu.

Kama kuna klabu iliyojaribu majibu yote ya swali hili, ni Seattle Mariners. Ndani ya miaka 10 walimrudisha Ken Griffey Jr., wakambakiza, wakamrudisha mpigaji Raúl Ibañez, wakampa mpigaji mwingine, Nelson Cruz, mkataba mrefu, kisha wakamrudisha Ichiro Suzuki. Mashabiki wa Seattle waliishi na matokeo ya kila uamuzi, ndiyo maana nadhani hoja za pande zote mbili zipimwe kwao.

Kwanza, tuelewane kuhusu mwili. Eneo la nje lina walinzi watatu tu, na uwanja wanaoulinda ni mpana kuliko wa mtu mwingine yeyote. Kazi yao ni kukimbilia mpira uliopigwa juu na kuudaka kabla haujagusa chini, halafu kuurusha kwa nguvu kurudi ndani. Miguu ndiyo huondoka mwanzo. Mchezaji mwenye miaka 38 bado anaweza kuusoma mpira vizuri, lakini hatua mbili zilizopungua zinatosha kuufanya mpira wa kudakwa uwe mpira wa kuokotwa ukutani.

Upande wa kupiga, mambo huharibika kimyakimya zaidi. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mpira wa kasi ya kilomita 150 kwa saa humfikia kwa takriban sekunde 0.4. Macho na mikono ikichelewa kidogo tu, mkongwe hulazimika kuanza kuzungusha gongo mapema kwa kubahatisha. Warushaji wakishaligundua hilo humpa mipira ya polepole inayopinda, naye hupiga hewa. Shabiki aliyeko jukwaani haoni tofauti hiyo mwezi wa Aprili. Huiona Juni, kwenye takwimu.

Kuna kanuni moja inayowaokoa wakongwe: mpigaji mteule, yaani mchezaji anayepiga bila kulinda uwanjani. Ligi ya American, anamocheza Seattle, imekuwa nayo tangu 1973. Ligi ya National iliipokea moja kwa moja mwaka 2022. Kwa hiyo anaposemwa "mchezaji wa eneo la nje" mwenye miaka 39, mara nyingi anasemwa mtu atakayekaa benchi timu inapolinda. Hapo ndipo gharama ya kweli ilipo, na mashabiki wengi huipita wakikimbilia kuhesabu mshahara. Wakati wa Griffey kikosi kilikuwa na wachezaji 25. Asiyeweza kulinda anachukua nafasi moja kati ya hizo 25, na kocha hawezi kumtumia kuziba pengo lolote anapoumia mwingine.

Sasa Griffey mwenyewe. Seattle walimchagua wa kwanza kabisa katika uteuzi wa chipukizi wa 1987, na kuanzia 1989 hadi 1999 hakuwa mchezaji wa kawaida kwao. Alikuwa sababu ya watu kuja uwanjani. Alishinda glovu ya dhahabu, tuzo ya walinzi bora, miaka 10 mfululizo. Mwaka 1997 alipiga homurani 56, yaani mipira iliyovuka ukuta wa uwanja, akawa mchezaji bora wa ligi, na mwaka uliofuata akapiga nyingine 56. Februari 2000 akaenda Cincinnati, na huko majeraha yakamtafuna.

Mariners walipomfuata Februari 2009 alikuwa na miaka 39 na goti lililotoka kufanyiwa upasuaji. Atlanta walimtaka pia. Seattle wenyewe walikuwa wametoka kupoteza mechi 101 msimu wa 2008, klabu ya kwanza kufikia idadi hiyo ya aibu ya kupoteza mechi 100 huku bajeti ya mishahara ikizidi dola milioni 100. Meneja mkuu mpya, Jack Zduriencik, na kocha mpya, Don Wakamatsu, walikuta chumba cha wachezaji kilichogawanyika.

Waliopinga walikuwa na hoja nzito. Timu iliyopoteza mechi 101 inahitaji vijana, na kila zamu ya kupiga anayopewa mzee ni zamu anayonyimwa chipukizi anayehitaji kujifunza kwa kukosea. Waliounga mkono nao hawakuwa wakiota. Griffey alikuwa amepiga homurani 18 mwaka 2008, hivyo hakuna aliyeahidiwa 56. Mshahara wake wa msingi ulikuwa dola milioni 2 pamoja na nyongeza, kiasi kidogo kwa ligi ile. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja.

Alipiga 19. Wastani wake wa kupiga, yaani sehemu ya zamu zilizozaa mpigo mzuri, ulikuwa 0.214, wa chini sana kwa mpigaji mteule, ambaye kazi yake yote ni kupiga. Ukiishia kwenye karatasi, waliopinga walishinda ubishi. Lakini Mariners walishinda mechi 85 na kupoteza 77, kutoka ushindi 61 wa mwaka uliotangulia. Ichiro, nyota wa Japani aliyekuwa kikosini wakati huo, mtu mkimya aliyesemwa vibaya na baadhi ya wenzake mwaka 2008, alionekana akitekenywa na Griffey na kucheka mbele ya kamera. Siku ya mwisho ya msimu wachezaji waliwabeba wote wawili mabegani kuzunguka uwanja.

Je, Griffey ndiye aliyeleta ushindi 24 zaidi? Hapana, na anayesema hivyo anaidhoofisha hoja yake mwenyewe. Timu ile ilifunga mikimbio, yaani pointi za besiboli, 640 na kufungwa 692; timu ya namna hiyo kwa kawaida hupoteza mechi nyingi kuliko inazoshinda. Ilibebwa na warushaji, walinzi wazuri, na bahati ya kushinda mechi zilizokuwa karibu kupotea. Hata hoja ya tiketi, ambayo wapenzi wa wakongwe huipenda mno, haikusimama: watazamaji wa mwaka mzima walishuka kutoka takriban milioni 2.3 hadi takriban milioni 2.2. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, na watu huacha kununua tiketi baada ya msimu wa vipigo 101, hata akirudi nani.

Pamoja na hayo, naamini usajili wa 2009 ulikuwa sahihi. Klabu ilinunua kitu ilichokijua kwa bei ndogo, kwa muda mfupi, ikiwa haina cha kupoteza. Chumba kilichovunjika kilipata mtu ambaye wachezaji wote, wa Marekani, wa Japani, wa Dominika, walikua wakimtazama kwenye televisheni. Heshima ya namna hiyo kocha mgeni hawezi kuja nayo mkobani. Na kwa mtoto wa Seattle aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1997, kumwona tena na jezi namba 24 kulikuwa na thamani ambayo sioni haya kuitetea. Klabu za michezo zipo kwa ajili ya furaha hiyo. Anayeifuta kwenye hesabu hajui anahesabu nini.

Kosa lilikuja Novemba. Baada ya kubebwa mabegani, nani angemwambia basi? Wakampa mwaka mwingine. Safari hii mazingira yalikuwa tofauti kabisa: timu ilijiona mgombea wa ubingwa wa kundi lake, zamu za kupiga zilikuwa ghali, na kikosini alikuwemo mkongwe mwingine wa kupiga tu, Mike Sweeney. Nafasi mbili kati ya 25 zilikwenda kwa watu wasiolinda. Griffey, sasa miaka 40, alicheza mechi 33, wastani 0.184, homurani sifuri. Mwezi Mei gazeti la Tacoma liliandika, likiwanukuu wachezaji wenzake bila kuwataja majina, kwamba alilala chumbani wakati wa mechi. Iwe kweli au isiwe, fikiria mahali klabu ilipofika: mchezaji mkubwa kuliko wote katika historia yake anajadiliwa kama mlinzi wa usiku aliyesinzia kazini. Juni 2 alitangaza kustaafu na kuondoka mjini. Wakamatsu alifukuzwa Agosti. Timu ilimaliza na mikimbio 513, michache kuliko timu yoyote ya ligi ya American katika msimu kamili tangu kanuni ya mpigaji mteule ianze, na ikapoteza tena mechi 101.

Wapenzi wa soka wanaijua hadithi hii. Cristiano Ronaldo alirudi Manchester United 2021 akiwa na miaka 36, akafunga mabao 24 msimu wa kwanza katika mashindano yote. Msimu wa pili haukufika hata mwisho wa Novemba. Mwaka wa kwanza kila mtu hujua mkongwe amekuja kufanya nini. Mwaka wa pili hubaki kwa sababu hakuna mwenye ujasiri wa kumuaga.

Lakini nisiifanye kanuni ionekane nyepesi kuliko ilivyo, maana Seattle hiyohiyo inatoa ushahidi wa kila rangi. Mwaka 2013 walimrudisha Ibañez, kwa awamu yake ya tatu klabuni, akiwa na miaka inayofika 41. Alipiga homurani 29, akaifikia rekodi ya 1960 ya Ted Williams, mpigaji mashuhuri wa zamani, kwa mchezaji wa umri huo. Ni jambo la kuvutia mno. Hata hivyo, 24 kati ya hizo alizipiga kabla ya Mechi ya Nyota ya Julai, katikati ya msimu, na zilizobaki zote zilikuwa 5. Mkebe wa mafuta uliisha katikati ya safari. Isitoshe, walimpanga mara nyingi kulinda upande wa kushoto wa eneo la nje, alikokuwa hawezi tena, na timu ilipoteza mechi 91. Mwaka uliofuata klabu ya Angels ikamsajili kwa sifa ya zile 29. Kufikia Juni walikuwa wamemwacha, wastani wake ukiwa chini ya 0.160. Waliomsajili kwa takwimu za msimu mzima bila kutazama miezi yake ya mwisho walinunua Aprili na Mei zilizokwisha pita.

Kisha Cruz, anayevunja hoja yangu ya mwaka mmoja vipande viwili. Desemba 2014, akiwa na miaka 34, alipewa miaka minne na dola milioni 57. Wengi waliogopa, na haki walikuwa nayo: mwaka 2013 alifungiwa mechi 50 kwa kosa la dawa zilizokatazwa, na miguu yake haikuwa ya kulinda tena. Akapiga 44, kisha 43, kisha 39, kisha 37. Jumla 163. Tofauti yake na Griffey wa 2010 ni kwamba alikuwa ametoka kuongoza ligi zote kwa homurani 40 mwaka 2014 akiwa Baltimore. Seattle walilipia gongo lililokuwa likifanya kazi wakati huo, na muda mwingi wakamtumia kama mpigaji mteule. Hakuna aliyemsajili kwa kumbukumbu.

Ichiro alirudi Machi 2018, miaka 44, kwa dola 750,000, walinzi kadhaa wa eneo la nje wakiwa majeruhi. Alipata mipigo 9 katika zamu 44. Waliopinga wakasema tuliwaambia. Lakini angalia klabu ilivyojifunza. Baada ya mechi 15 tu, Mei 3, Ichiro alitolewa kwenye kikosi cha kucheza na kupewa kazi ya msaidizi maalumu wa mwenyekiti. Aliendelea kufanya mazoezi na timu, akawa karibu na vijana, na nafasi yake ikaenda kwa mwenye kuihitaji. Machi 2019 akarudishwa kucheza mechi mbili za ufunguzi Tokyo, akatundika daluga mbele ya watu wake akiwa na miaka 45. Heshima ililipwa kwa cheo na kwa siku yake ya kuaga. Haikulipwa kwa zamu 300 za kupiga. Griffey alistahili mpango kama huo Novemba 2009, na inaniuma kwamba hakupata mtu wa kumwandalia.

Kwa hiyo ubishi ukianza tena, swali la "asajiliwe au la" mimi nalitangulizia mengine matatu. Miezi miwili ya mwisho ya msimu uliopita alipiga vipi? Atalinda, au atakaa benchi? Na nani, kwa jina, amekubaliana naye mapema kwamba ikifika Juni hajaweza atamwambia? Klabu isiyoweza kulijibu la tatu ingemwacha tu, hata kama majibu ya mawili ya kwanza ni mazuri.

Kumwacha nako kuna gharama zake. Mwisho wa 2018 Seattle waliamua kujenga upya na kumwachia Cruz, mwenye miaka 38, aondoke. Minnesota wakamchukua, akapiga homurani 41 katika mechi 120, na timu yake ikashinda mechi 101. Mariners bila yeye walishinda 68. Bado sidhani walikosea: homurani zile 41 zisingewafikisha popote mwaka ule, na zamu zake Seattle zilikwenda kwa wachezaji waliokuwa wakipimwa kwa ajili ya miaka iliyofuata.