Kikombe cha Babu na kikombe cha Yakobo

Mwaka 2011 ukisikia Tanzania kwamba fulani amekwenda kupata kikombe, hukuuliza wapi. Ni Samunge, Loliondo, kwa Babu Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), aliyewanywesha watu dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilienda kilomita na kilomita. Mawaziri walikunywa, Wakenya walivuka mpaka. Kisukari, presha, UKIMWI: kikombe kimoja, mara moja tu, ndivyo ilivyosemwa. Wapo waliofia kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za hospitali.

Ni rahisi kuwacheka, hasa ukiwa na bima ya afya. Mimi siwacheki. Mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni hana nafasi ya kuhojiwa kama imani yake ni safi, na Yesu hakuwahoji watu hivyo. Wale wakoma kumi wa Luka 17, tisa hawakurudi hata kushukuru. Hatusomi popote kwamba ukoma uliwarudia. Uponyaji wao haukuwa mkopo.

Ila Injili ina kikombe kingine. Katika Marko 10, Yakobo na Yohana wanaomba viti vya kulia na kushoto kwa Yesu katika utukufu wake. Yesu anawauliza kama wataweza kukinywea kikombe chake, yaani mateso yake. Wakajibu, "Twaweza" (upesi mno, nadhani). Ukifika Matendo 12, Herode anamuua Yakobo kwa upanga. Mstari mmoja, basi. Sehemu kubwa ya sura ni ya Petro gerezani: malaika anakuja, minyororo inadondoka, lango la chuma linafunguka lenyewe, Roda anafurahi hadi anasahau kumfungulia mlango. Mahubiri ya Petro huyo nimeyasikia mengi. Ya Yakobo nakumbuka moja, tena msibani.

Hapo ndipo wahubiri wa miujiza wanaponiacha njiani. Kama imani ndiyo iliyomtoa Petro gerezani, Yakobo alipungukiwa nini? Naye alikuwamo chumbani binti Yairo alipofufuliwa. Nguvu hiyo aliiona kwa macho yake. Na Petro mwenyewe, Yohana 21 ilikwisha kumtabiria kifo cha kunyoshwa mikono. Malaika alimwahirishia kikombe tu, apate muda wa kuendelea na kazi. Nikiusoma muujiza hivyo, naona unamrudisha mtu barabarani, kama Bartimayo aliyepata kuona akamfuata Yesu kwenye njia ile ile ya Yerusalemu.

Lakini hata mahubiri ya gharama ya kumfuata Yesu yana sumu yake. Nimesikia mke anayepigwa akiambiwa nyumbani kwake ndiko msalaba wake uliko, avumilie. Anayemwambia hivyo hajapigwa hata kofi. Luka 9 inasema mtu ajitwike msalaba wake mwenyewe. Haisemi atwikwe na mumewe, wala na mchungaji. Yakobo aliulizwa kwanza, akajibu kwa kinywa chake.