Loncin wana majina, Tabora tuna nini?

Ukiishi Liège, Ubelgiji, na watoto wanasoma huku, siku moja shule itawapeleka Loncin. Ni moja ya ngome 12 zinazouzunguka mji, zilizobuniwa na mhandisi wa kijeshi Brialmont na kuanza kujengwa 1888. Ubelgiji haikuwa na upande, na mkataba wa 1839 uliilinda kwa sahihi za mataifa makubwa, Prussia ya Wajerumani ikiwemo. Tarehe 4 Agosti 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia ikianza, Wajerumani wakavuka mpaka wakitafuta njia ya kuifikia Ufaransa. Uingereza ikaingia vitani siku hiyohiyo. Ngome zilikuwa za zege lisilo na nondo, zikihimili mizinga yenye mdomo wa sentimita 21. Adui akaleta ya 42. Tarehe 15 Agosti kombora likapenya hadi ghala la baruti la Loncin. Watu wapatao 350 wakafa, na wengi wao wamo humo hadi leo chini ya vifusi. Jenerali Leman, kamanda wa ulinzi wa Liège, alitolewa amezimia.

Wanavyoitunza habari hii, nawasifu. Hata kijiji kidogo huku kina jiwe la majina karibu na kanisa.

Kinachonikera ni pale wanapoikatia hadithi. Brussels, karibu kabisa na Grand-Place, uwanja mkuu wa mji, upo mtaa wa Rue de Tabora. Majirani niliowauliza hawajui jina limetoka wapi. Mimi mtu wa Tabora najua: tarehe 19 Septemba 1916 Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji chini ya Jenerali Tombeur, liliingia mjini kwetu, ambako serikali ya Wajerumani ilikuwa imehamia kutoka Dar es Salaam. Nchi iliyolia kuvamiwa ikateka ardhi ya watu, ipate cha kuweka mezani siku ya kugawana. Ikaishia kupewa Rwanda na Burundi. Na mizigo ya pande zote waliibeba watu weusi, wakafa njiani kwa kuhara, homa na njaa. Upande wa mama yangu tunasimuliwa juu ya mmoja aliyekamatwa Sikonge, akabebeshwa mizigo ya Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kuelekea Iringa.

Lakini tusiwatupie Wabelgiji lawama yote. Sanamu ya Askari pale Dar, ukumbusho wa vita hiyo wa 1927, inawataja wapagazi kwa jumla tu, na Waingereza ndio walioisimamisha. Sisi tuna uhuru zaidi ya miaka 60, tumeongeza nini? Shuleni kwetu vita hii ilikuwa aya chache, na shujaa wake von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki! Nilipomuuliza ofisa mmoja nyumbani kama tunaweza kuweka jiwe la wapagazi, alinijibu nilete mfadhili kutoka Ulaya. Mfadhili wa nini, jamani? Fundi yupo, mawe yapo. Kinachopungua ni majina, na wanaoyajua ni wazee wa Sikonge, Urambo na Nzega, si mimi niliye huku.