Mwanachama Alipwe Akifa

Mtaani kwetu, hapa Morogoro, ukitaka kuheshimiwa, ufe. Sitanii. Ukikata roho asubuhi, saa nne turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vinashushwa kwenye mkokoteni na akina mama wanabishana ubwabwa upikwe kilo ngapi. Kikundi chetu cha Kufa na Kuzikana kimejipanga hasa: jeneza lipo, sanda ipo, Coaster ya waombolezaji ipo, rambirambi ya laki tatu taslimu ipo, na yupo mtu maalumu wa kusoma risala ya marehemu hata kama hakuwahi kusalimiana naye.

Sasa jaribu kuumwa.

Ukiumwa unapewa pole. Pole haihitaji saini ya mweka hazina. Watakuja kukuona, tena kwa mafungu, na kila mmoja ana tiba yake mdomoni: huyu mwarobaini, yule mlonge, mwingine punje tatu za kitunguu saumu alfajiri kabla hujasema na mtu. Mke wangu, Mama Zai, anawachemshia chai. Sukari ya mwezi mzima inaishia kwa watu waliokuja kuniambia nipunguze sukari.

Na huko kwenye matibabu kwenyewe! Homa ya mwisho ilinipeleka kwenye kituo cha binafsi, kisa kilikuwa karibu na miguu ilishagoma. Kufungua faili, hela. Kumuona daktari, hela. Daktari hakuninyanyulia uso, akaandika vipimo, hela. Majibu: taifodi kidogo na UTI. Sijapata kumjua mtu aliyetoka pale bila UTI. Shemeji yangu alimpeleka mtoto aliyeteguka mkono, wakarudi na bandeji na UTI.

Nikaenda duka la dawa. Binti akauliza, "Baba, nikupe ya Ulaya au ya kawaida?"

"Tofauti yake nini?"

"Bei."

"Na ndani?"

"Ndani dawa ni ile ile, Baba. Boksi tu ndiyo zuri."

Nikachukua ya kawaida, na boksi hata sikulibeba. Pembeni yangu jamaa mmoja akaomba vidonge vya mia tano tu, eti akipata nafuu atarudi kumalizia dozi. Ukipata nafuu unarudi kufuata nini, ndugu yangu? Wale wadudu wa nusu dozi hawafi. Wanapata elimu.

Siyo kwamba serikali imetusahau. Tulianza kuambiwa tuchangie 1993, ada zilipoingia kwenye hospitali za umma, na papo hapo wakasema wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wasitozwe, baadaye wakaongezwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Mama mkwe wangu ana dirisha lake kabisa, limeandikwa WAZEE KWANZA. Anaipita foleni kwa madaha, anamuona daktari bure, anapimwa presha bure, anafika dirisha la dawa anaambiwa, tena bure: "Bibi, hii haipo, kanunue nje."

Nje hapo ni mimi.

Lakini kilichonitoa povu hasa ni msiba wa 2019. Jirani yetu alilazwa, bili ikapanda, mkewe akapita nyumba hadi nyumba akiomba msaada. Akafika kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akatoa katiba ya kikundi kwenye mfuko wa plastiki, akavaa miwani, akapekua kurasa zote kwa masikitiko makubwa, akasema, "Dada yangu, mgonjwa hana kifungu." Katiba iko wazi, mwanachama alipwe akifa.

Basi akafa. Na hapo kifungu kikapatikana! Kinaitwa "kukomboa mwili". Bili yote, ile ile iliyokosa msaada, ililipwa siku moja, risiti ikapigwa muhuri, na mwenyekiti akashukuriwa kwa makofi. Hela ilikuwepo siku zote. Ilikuwa inamsubiri.

Jumapili iliyofuata kikao kiliwaka moto. Mweka hazina wetu ni mama ntilie, mwanamke anayejua kila mtu mtaani anadaiwa sahani ngapi za wali. Akasimama na daftari. Akasema CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa bima ya afya ya jamii, iliyoanza mwaka uliopita, inatoza kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi inakutoa zahanati mpaka hospitali ya mkoa ukipewa rufaa. Tatizo ni hiyo 30,000 kwa mkupuo. Mkulima anayo akivuna. Mimi natengeneza redio na pasi, mavuno yangu ni umeme ukikatika ovyo ukaunguza vitu vya watu. Kwa hiyo hoja yake ikawa kila kaya itoe mia sita kwa wiki, ataifuata mwenyewe mlangoni, na mwaka ukiisha kadi imelipiwa na chenji imebaki.

Wa kwanza kupinga alikuwa fundi seremala. Mjue kwamba huyu ndiye anayetuchongea majeneza. Akasema kwa uchungu kabisa kwamba kikundi kisiache misingi yake.

Akafuata kijana wa bodaboda. "Mimi siumwi. Kwa nini nilipie matumbo ya watu?"

Mama ntilie akafunga daftari. "Mwanangu, mchango wa misiba unatoa kila mwezi. Umeshakufa mara ngapi?"

Kikao kilichukua muda kutulia. Mzee mmoja akataka kujua kama asipougua mwaka mzima hela yake itarudi, na hapo mwalimu mstaafu akashindwa kuvumilia. Akasema Igunga, kule Tabora, walianza mfuko wa afya ya jamii 1996, na sisi 2019 tunajadili kurudishiwa mia sita. Hoja ikapita, seremala akanuna, na kijana wa bodaboda akapewa kazi ya kukusanya kwa kuwa ana usafiri. Tangu siku hiyo haamini kabisa kwamba kuna mtu asiyeumwa.

Vurugu ikahamia majumbani. Kadi ni ya watu sita, kwangu tuko wanane. Mama mkwe tukamtoa kwa kuwa ana dirisha lake. Bado mmoja. Afisa mwandikishaji yuko sebuleni, simu mkononi, anasubiri kupiga picha, watoto wameshapakwa mafuta mpaka kwenye kope. Mama Zai akaniangalia. Akatulia. Akasema, "Baba Zai, wewe si ukizidiwa kikundi kitakuzika?" Mbele ya mgeni! Mwishowe mpwa wangu akaandikwa kwa shangazi yake aliyekuwa na nafasi, ila lile jicho la Mama Zai sijalisahau.

Kadi ilifanya kazi, nisiseme uongo. Zai alipata malaria, akapimwa, akapewa dozi nzima, na mfukoni mwangu hakuna kilichotoka ila nauli. Ila ugonjwa uliopita, ule wa kifua, ndio tuliambiwa "kanunue nje". Sasa hiyo "kanunue nje" ndiyo iliyomfanya mama ntilie aanzishe kibubu cha pili kwa zile chenji: unaleta cheti cha daktari, unakopeshwa hela ya dawa bila riba, unarudisha kidogo kidogo. Masharti mawili. Utanunua ya kawaida, kwa sababu kikundi hakinunui maboksi. Na utachukua dozi nzima, kijana wa bodaboda anakuja kuhesabu vidonge. Anahesabu kweli, tena kwa sauti, majirani wakisikia.

Hapo ndipo tulipofika, na hapo ndipo ugomvi mpya ulipozaliwa. Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nusu ya mtaa inasema hakuna haja ya mia sita, bima ya wote si inakuja? Wengine wakiona kijana wa bodaboda anakata kona wanafunga mlango na kuzima redio. Redio niliyoitengeneza mimi, na hela ya ufundi sijalipwa.

Halafu juzi seremala kaja na hoja. Anasema kwa kuwa mwaka huu hakuna aliyeugua sana, kibubu cha dawa kimelala bure, na sufuria la misiba limetoboka. Anapendekeza tununue jipya, kubwa zaidi, la kilo 50. Watu wanatikisa vichwa kukubali! Mama ntilie ameshaniomba niwahi kikao, nikae mbele, nipige kelele. Kelele ninazo. Ila ameniomba pia nilipe mia sita za wiki zilizopita, na hapo bado tunazungumza.