Kutenguliwa si kufukuzwa

Sensa ya 2022 peke yake inatosha kugombanisha wahariri wawili wa Wikipedia ya Kiswahili. Mmoja anaandika kwamba Jiji la Dar es Salaam lina watu 5,383,728. Mwenzake anatengua, yaani anaondoa badiliko hilo, na kuweka 1,649,912. Wote wana chanzo, tena kile kile. Idadi ya kwanza ni ya mkoa mzima. Ya pili ni ya Ilala, ambayo tangu Februari 2021, halmashauri ya jiji ya zamani ilipovunjwa, ndiyo inayobeba rasmi jina la Jiji la Dar es Salaam. Sasa nenda Mbagala au Tegeta, nje ya Ilala, ukamwambie mtu kwamba yeye si wa jijini.

Aliyetenguliwa, badala ya kwenda ukurasa wa Majadiliano, ambako wahariri hujadili makala husika, mara nyingi hukimbilia kundi la WhatsApp: “Jamani, kazi yangu imefutwa tena, naombeni mniunge mkono.” Lawama zote zinamwangukia aliyetengua. Mbabe huyo, kajimilikisha makala.

Malalamiko hayo yana uzito wake. Mtu amejitolea, anahariri kwa simu na bando lake mwenyewe, halafu jioni anakuta aya zake hazipo na sehemu ya muhtasari, ambapo mhariri hueleza kwa nini amebadilisha, haina hata neno moja. Wapo wanaoondoka hapo hapo wasirudi. Tena kwetu mtu hukosolewa pembeni, hasa akiwa mkubwa kwako. Kumsahihisha mahali ambapo dunia nzima inasoma kunaonekana kama kumvunjia heshima. Kundi la faragha lina staha ambayo ukurasa wa wazi hauna.

Hata hivyo, aliyetengua hajafuta kitu. Bonyeza Historia: kila toleo lipo, na saa lilipoandikwa, na aya ulizozililia unaweza kuzirudisha hata mwakani. Kwa desturi za Wikipedia, kutengua ni kusema “hapa sijakubali, tuongee”, na zamu inayofuata ni yako. Wikipedia ya Kiingereza inazuia mtu kutengua zaidi ya mara 3 kwa saa 24 kwenye ukurasa mmoja, na ina hata kamati ya usuluhishi kwa kesi zilizoshindikana. Huku kwenye ya Kiswahili wakabidhi, yaani wasimamizi, ni wachache, na watu hao hao wachache ndio wanaopambana na tafsiri za mashine na makala za watu wanaojitangaza. Kumtaka kila mmoja wao aandike barua ya upole kwa kila anachotengua ni kumwonea. Mstari mmoja kwenye muhtasari, sawa, huo tumdai.

Kinachonisumbua zaidi ni mahali uamuzi unapofanyikia. Tuseme kundi limekubaliana: tuweke 5,383,728, yaishe. Watu kumi wamepiga dole gumba. Miaka miwili baadaye anakuja mhariri mpya kutoka Kigamboni, anaona idadi ya mkoa imepewa jiji, anaisahihisha kwa nia njema. Anatenguliwa. Anauliza kwa nini. Hakuna wa kumjibu, kwa sababu hoja zilibaki kwenye simu za watu, nyingine zimeshabadilishwa, na kundi lenyewe labda lilishavunjika. Ugomvi unaanza upya, safari hii na watu wasiojua kwamba uliwahi kuisha. Na wale kumi walioitwa na rafiki yao, ni wangapi walifungua jedwali la sensa? Maafikiano ya Wikipedia hupimwa kwa hoja na vyanzo. Wingi wa marafiki hauongezi uzito wowote.

Kwenye Majadiliano mgogoro huu ungeweza kuisha kwa mistari michache: mkoa na jiji ni vitu viwili, kila idadi ikae na jina lake, na sentensi moja ieleze kilichotokea 2021. Wanaofundisha wahariri wapya wangewaonyesha Historia na Majadiliano siku ya kwanza, kabla hata ya kuwaonyesha jinsi ya kuweka picha.