Mati za sufu za kupigia pasi: kwa hewa ya Lamu zinafaa ama ni gharama tu?

Huku Amu, yaani mji wa Lamu, kina dada wanaounga vipande vya leso na vikoi kutengeneza mifarishi, foronya na mikoba ya kuuzia wageni, gumzo lao siku hizi ni mati ya sufu, ile nene ya kupigia pasi. Wako wanaotaka kuchanga waagize, na wako wanaosema huo ni ubadhirifu, blanketi la nyumbani linatosha. Mimi nimeshafanya kazi juu ya zote mbili na msimamo wangu niuseme mapema: kwa vipande vidogo mati inasaidia kweli, lakini kwa hewa yetu ya bahari ina masharti yake, na asiyekuwa nayo asione kazi yake itakuwa mbovu.

Kwa asiyeijua, ni sufu ya kondoo, nyingi husifiwa kuwa ya New Zealand, imeshindiliwa mpaka ikashikana ikawa tandiko gumu la unene wa nusu inchi hivi, na saizi inayouzwa sana ni inchi 17 kwa 17. Unaiweka mezani kando ya cherehani unapiga pasi hapo hapo. Wauzaji husema eti inarudisha moto juu kama kioo, hapo wametia chumvi. Nyuzi za sufu zimejikunja, zinashika hewa katikati yake, na hewa haipitishi joto upesi, kwa hivyo moto wa pasi unabaki chini ya kitambaa badala ya kupotelea kwenye meza au kwenye ule wavu wa chuma wa ubao wa pasi. Kitambaa kinapata moto juu na chini, ni kweli, ila ukishajua sababu unaona pia kwamba blanketi zito la sufu likikunjwa vizuri litafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo hiyo.

Sasa kwa nini tuhangaike na mshono mdogo wa robo inchi? Chukua safu ya viraka 12, ina mishono 11. Mshono usipolala sawasawa kitambaa kinajificha kidogo pembeni ya uzi, ukipoteza milimita moja tu kila mshono safu nzima imepungua sentimita moja na ushee, na safu ya pili uliyoipiga pasi vizuri haijapungua, ukija kuziunga pembe hazikutani, unaanza kuvuta huku na kule, mwisho mfarishi unatoka na mawimbi na hakuna pasi itakayoyatoa. Hapo ndipo mati inapojilipia. Inakishika kitambaa kisiteleze, na kama umekata kipande mshazari kutoka kwenye pindo la leso unajua kinavyovutika ukikisukuma kwa pasi. Halafu inabonyea kidogo, ule uvimbe wa mshono unazama ndani na uso wa kitambaa unabaki tambarare, na tofauti utaiona zaidi pale kikoi kizito kinapoungwa na leso nyepesi. Lakini lazima ubonyeze, uinue, ubonyeze tena, ukisugua kama unanyoosha shati hakuna mati itakayokusaidia.

Upande wa pili ni unyevu, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Sufu inaweza kunywa maji karibu thuluthi ya uzito wake na bado ukiishika unahisi ni kavu. Sasa wewe unapiga pasi ya mvuke, ama unanyunyizia maji, yote yanashuka mle, na hewa ya Amu wakati wa masika haikaushi kitu. Matokeo yake ni harufu ya kondoo aliyelowa, na chini ya mati mvuke moto umeshaifikia meza, vanishi inatoka madoa meupe. Meza ya mbao nzuri usiiweke mati juu yake hivi hivi, tanguliza kitu kisichopitisha maji na kinachostahimili moto, kipande cha taili kwa mfano, na ukimaliza isimamishe wima upepo uipige pande zote mbili. Usiikunje ukaitia kabatini ikiwa na joto. Nondo nao wanaipenda sufu kama wanavyopenda mabusati, kwa hivyo juani mara kwa mara na kuikung'uta, hasa usipoitumia kwa muda.

Leso mpya pia zina mambo yake. Zina wanga, na nyekundu nyingi zinatoa rangi zikipata maji na moto, rangi hiyo ikishaingia kwenye sufu itakuja kujitokeza kwenye kitambaa cheupe cha mteja. Fua leso kwanza, halafu tandika kipande cha pamba nyeupe juu ya mati. Na siku hizi leso za poliesta zimejaa madukani, hizo punguza moto wa pasi kuliko ulivyozoea, manake joto halina pa kutokea, zitajikunyata ama zitang'aa.

Turudi kwa watu wa blanketi. Hoja yao ni nzuri ikiwa blanketi lenyewe ni la sufu, na mengi yanayouzwa sokoni si ya sufu. Vuta uzi mmoja uuchome mbali na kitambaa: sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kwenye vidole, poliesta inayeyuka na kubaki kijidonge kigumu. Ikiwa ni hiyo ya pili usiiweke chini ya pasi. Kwa mwenye pasi ya makaa jambo hili ni zito zaidi, cheche ikidondoka kwenye sufu mara nyingi itaunguza pale pale tu na kuzimika, manake sufu haishiki moto kirahisi. Na mwenye pasi ya umeme asitegemee kwamba mati itamwokolea tokeni nyingi, pasi ya wati 1,000 nusu saa nzima ni nusu yuniti, hata ukiokoa robo ya muda huo ni kidogo sana.

Kuna kitu kingine ambacho kwenye ubishi wote huu sijasikia mtu akikitaja, nacho hapa Amu hakitusumbui kukipata. Mafundi wa suti hutumia kipande cha mbao ngumu, wanakikandamiza juu ya mshono mara tu pasi inapoinuliwa, mbao inanyonya mvuke na mshono unapoa ukiwa umelala. Mji huu una wachonga milango, vipande vinabaki, omba kimoja kinachoenea mkononi, kipigwe msasa na kisitiwe vanishi wala rangi. Blanketi la sufu, shuka ya pamba na mbao hiyo, mshono utalala karibu sawa na wa mati.

Kwa hiyo wanaotaka kuchanga, mimi ningesema agizeni moja tu kwanza, ya inchi 17, kwa sababu ikishafika Mokowe, gati ya upande wa bara, na kuvuka kwa boti bei yake si mchezo, na ikae kwa yule anayeunga viraka vidogo. Mfarishi ukishaungika wote mati ni ndogo, utakuwa unavuta na kusogeza, hapo hamieni kwenye meza pana yenye blanketi.