Odiogramu safi, askari hasikii: tumwamini nani?

Huko Marekani, mlio usiokoma masikioni ndio ulemavu unaoongoza kwa kulipiwa fidia miongoni mwa maveterani, na kupungua kwa usikivu hakuko mbali. Mwaka 2023 kampuni ya 3M ilikubali, bila kukiri kosa, kulipa takriban dola bilioni 6 kumaliza kesi za vizibo vya masikio ilivyoliuzia jeshi. Fedha zikiwa nyingi kiasi hicho, kila anayesema "sisikii" hutazamwa kwa jicho la shaka.

Wanaotaka ushahidi wa namba hushikilia odiogramu, yaani grafu ya kipimo cha usikivu. Unaingia kwenye kibanda kisichopitisha kelele, unavaa vipokea sauti, unabonyeza kitufe kila usikiapo mlio. Sikio lililoumizwa na milio ya bunduki kwa kawaida huonyesha shimo kwenye grafu karibu na milio myembamba ya hezi 4,000, kisha mstari hupanda kidogo. La uzee huteremka tu. Na mwongo hunaswa. Anayedai sikio moja limekufa hupelekewa mlio uleule pande zote mbili kwa pamoja, mkubwa zaidi upande huo "mbovu". Kiziwi wa kweli atajibu, maana sikio zima limesikia. Anayeigiza ataunyamazia, kwa kuwa anausikia kule anakodai hasikii.

Ni hoja nzito. Lakini mwaka 2009 watafiti Kujawa na Liberman walionyesha kwamba panya waliopigwa kelele walirudia usikivu wao wa kawaida kwenye vipimo, huku karibu nusu ya viungio vya neva katika sehemu iliyoathirika ya sikio la ndani vikiwa vimekufa bila kurudi tena. Kwa binadamu jambo hili bado linabishaniwa, kwani viungio hivyo havihesabiki mtu akiwa hai. Hata hivyo linaelekea kueleza malalamiko ya askari wengi: mlio wa kibandani anausikia vizuri, ila kwenye bwalo lenye watu mazungumzo yanampotea.

Tatizo ni kwamba mlipuko hutikisa na ubongo pia, hivyo malalamiko hayohayo yanaweza yasitoke sikioni kabisa. Kipimo cha mwangwi wa sikio la ndani, kinachonasa sauti hafifu ambayo sikio lenyewe huirudisha, hakihitaji jibu la mgonjwa, lakini ngoma ya sikio ikiwa imepasuka hakiaminiki.

Kwangu mimi, ugomvi wa mashine ipi ni bora unafunika suala la muda. Ukimpima askari siku ileile ya mlipuko utakuta hasara ambayo sehemu yake itapona yenyewe. Ukingoja miezi, nafasi ya kujaribu dawa za steroidi imepita. Apimwe mapema kwa ajili ya tiba, apimwe tena baadaye kwa ajili ya fidia, na vyote vilinganishwe na kipimo cha siku aliyojiunga. Kama hicho cha mwanzo hakipo, jeshi ambalo halikumpima ndilo libebe mzigo wa shaka, si yeye.