Nesi mstaafu wa vikosi: apumzike au apewe daftari?

Vikosi vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), kuanzia Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU) na kikosi cha kuzuia magendo (KMKM) hadi Mafunzo, yaani magereza, vina wauguzi wake, na wamo wanawake waliovaa gwanda na kuuguza watu kwa miaka 30. Wakifika umri wa kustaafu wanarudi shehiani. Haipiti wiki mlango unaanza kugongwa. Huyu anataka kupimwa presha, yule ana kidonda hakikauki, mwengine kaleta mkwe wake mjamzito kavimba miguu. Wapo wanaosema mama huyu keshatumikia vya kutosha, aachwe apumzike. Wapo wanaosema elimu yake isipotee bure, ajitolee.

Wa upande wa kwanza wana haki kwa mengi. Kujitolea kwetu humwangukia mwanamke. Mwanamme mstaafu akikaa barazani hakuna anayemuuliza mbona hajitolei. Kiinua mgongo kinaishia kwenye kumalizia nyumba na kusomesha, na Pensheni Jamii, iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000, haimfikii mpaka atimize miaka 70. Kisha kuna vijana waliomaliza masomo ya uuguzi na bado wanasubiri ajira. Kazi ya kijijini ikionekana inafanyika bure, nani ataharakisha kuwaajiri? Hoja hii ni nzito, na anayetaka mstaafu atumike lazima aijibu.

Ila wanaosema apumzike wanadhani mlango ule unaweza kufungwa. Jirani akija saa 8 usiku na mtoto wa degedege, hamna nesi atakayemjibu kuwa amestaafu. Kazi anaifanya tayari. Anaifanya kwa mashine aliyoinunua mwenyewe, kituo cha afya hakina habari, na likitokea la kutokea lawama ni yake peke yake.

Tuchukue presha, maana ndiyo inayowaleta wengi. Kuipima kunataka utulivu. Mgonjwa akae kimya dakika 5, ameegemea, miguu yote miwili chini bila kuipishanisha, mkono juu ya meza au mto, usawa wa moyo. Awe hajavuta sigara wala kunywa kahawa kwa nusu saa, na awe ameshakwenda haja ndogo. Mkanda wa mashine ukae juu ya ngozi. Mkono wa nguo ukikunjwa ukabana juu ya kiwiko, kipimo kimeharibika. Mkanda mdogo kwa mama mwenye mkono mnene hutoa namba kubwa isiyo yake, na mkanda mpana kwa bibi aliyekonda huificha presha aliyonayo. Mkono ukining'inia bila ya kuegemezwa, namba inaweza kupanda kwa 10 hivi, na mazungumzo katikati ya kipimo nayo yanaipandisha. Baada ya dakika moja au mbili anapimwa tena. Mstaafu wetu anayafanya haya yote bila ya kukumbushwa. Penye foleni ndefu, zile dakika 5 ndizo za kwanza kukatwa.

Halafu kipimo hicho kizuri kinapotea. Mama anaambiwa ana 170 kwa 100, aende kituoni. Anakwenda siku ya nne, keshapumzika, chumvi kaipunguza. Anapimwa, 138 kwa 86, anaambiwa hana neno. Wamempima wauguzi wawili na hakuna aliyeiona namba ya mwenzake. Kwa kawaida presha haithibitishwi kwa siku moja: inatakiwa ionekane imefika 140 kwa 90 au kupita kwa siku tofauti. Kipimo cha mstaafu kingekuwa cha kwanza na cha kituo kingekuwa cha pili, na daktari angejua kwamba huyu ni wa kufuatiliwa. Kwa kuwa hakikuandikwa, mgonjwa anaanza upya kila aendapo, hadi siku anayoanguka kwa kiharusi na watu wa nyumbani wanaapa kwamba hakuwa na presha. Walikuwa wakisema walichoambiwa. Ugonjwa ulionekana mapema, na mtu mwenye ujuzi, na bado ukapita.

Kinachohitajika hapo ni daftari la mistari. Tarehe na saa, jina, mkono uliopimwa, namba za vipimo vyote viwili, dawa anazotumia, na alikoelekezwa. Mgonjwa apewe karatasi yenye hayo hayo aende nayo. Kwa mjamzito namba iandikwe kwenye kadi yake ya kiliniki pale pale, na kwake hakuna habari ya kusubiri siku nyengine: mimba ikipita wiki 20 na presha ikafika 140 kwa 90, apelekwe siku hiyo hiyo. Akiwa na kichwa kinachomuuma sana, macho yanaona maluweluwe au maumivu chini ya mbavu, aondoke saa ile ile, maana kifafa cha mimba kinaweza kuanza wakati wowote. Kwa mkaazi wa visiwa vidogo vya Pemba kama Kisiwa Panza au Fundo, safari hiyo inaanza kwa chombo cha baharini, na maji yakishakupwa, kusitasita kidogo kunagharimu saa nyingi.

Hoja ya pili ya wanaopinga ni kwamba elimu ya mstaafu imepitwa na wakati. Hili nalo lina ukweli. Aliyesomea uuguzi miaka ya 1980 alifundishwa klorokwini kwa malaria, dawa ambayo Zanzibar iliiacha mwaka 2003 ikaingiza dawa mseto. Alifundishwa kupaka spiriti kitovu cha mtoto, na leo kitovu kinaachwa kikavu na kisafi. Alisafisha vidonda kwa haidrojeni peroksaidi, ambayo inaunguza hata nyama changa inayoota, wakati maji safi ya chumvi yanatosha. Alimwogesha mtoto mara tu anapozaliwa. Siku hizi anasubiriwa saa 24 asije akapoteza joto. Makosa haya yana hatari ya pekee kwa sababu anayeyatenda anaaminiwa. Lakini kumkataza hakuiondoi spiriti kitovuni, kunamwacha aendelee nayo bila ya mtu wa kumsahihisha. Aitwe kwenye mafunzo ya siku chache kila mwaka, akae benchi moja na wauguzi wa kituo, na leseni yake ihuishwe kwa Baraza la Wauguzi na Wakunga.

Ukikosi wenyewe nao una faida yake. MV Spice Islander I ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, manusura walifikishwa Nungwi. Siku kama hiyo anatakiwa mtu anayejua kuwapanga majeruhi: anayepiga kelele anaweza kungoja kidogo, aliyenyamaza aangaliwe mwanzo, pumzi yake, damu, fahamu. Nguo zilizorowa zinavuliwa, mwili unakaushwa na kufunikwa, asisuguliwe wala asiwekwe karibu na moto. Sheha mwenye jina la mtu wa namna hii kwenye orodha yake anajua ampigie nani.

Na vijana? Wahudumu wa kujitolea wa Jamii ni Afya, mpango wa afya ya jamii wa Zanzibar, wanapita nyumba kwa nyumba wakiongozwa na programu ya simu, wakifuatilia wajawazito na watoto wadogo. Mstaafu awe mtu wao wa kumuuliza, nusu siku mara mbili kwa wiki. Zamu ya kituo ni ya kijana aliyeajiriwa, na kituo kitakachomweka mama huyu kwenye zamu bila ya mshahara kitakuwa kimewapa ushindi wanaosema apumzike, na mimi nitakuwa upande wao. Nauli, betri, glavu, daftari na gharama ya kuihakiki mashine kila mwaka visitoke kwenye pensheni yake. Posho nayo iwe na kiasi kinachojulikana na tarehe inayojulikana.

Mpaka wa kazi yake uwe sindano. Watu watamjia na kichupa cha penisilini walichokinunua, wamwombe awachome nyumbani kwa kuwa wanaujua mkono wake. Penisilini inaweza kuleta mzio mkali ndani ya dakika chache, na ukumbini kwake hakuna adrenalini wala kisanduku cha kutupia sindano zilizotumika. Hapo inambidi akatae, na kumkatalia jirani uliyekua naye ni kuzito. Kwa hiyo orodha ya anayoruhusiwa na asiyoruhusiwa itoke kituoni, isainiwe na mkuu wa kituo na sheha, ibandikwe mlangoni kwake, ili mwenye kulalamika akalalamike kituoni.